Papai la Mtungi

Kambi ya Kufyeka Mbung'o, Manyoni
12 Juni 1938

Mama Lea,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Urbano, dereva wa lori la Gulamhussein. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili wenzangu wasikie kwamba kuna watu wana wake wanaojua kuandika. Wamenionea wivu, na mmoja aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya mbuzi aliyekula kitambaa chako cha kanisani.

Kazi ni ile ile. Tunafyeka pori ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wapate kupita. Asubuhi panga, mchana shoka, jioni moto. Nyapara wetu ni Mgogo anaitwa Mazengo, mrefu, ana sauti kubwa. Hapigi mtu, lakini akikutazama unajikuta umeshasimama. Chakula ni unga na maharage, na kesho yake maharage na unga. Maji tunachota bwawani.

Mimi sijambo. Tumbo lilinisumbua kidogo wiki iliyopita, sasa limetulia. Usimwambie baba, atalifanya neno la mahubiri. Mkataba unaisha mwezi wa kumi na moja, si mbali. Mwambie Lea nimeona swala na mtoto wake, wamesimama wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Mume wako,
Isaka Simeoni


Shelui
27 Juni 1938

Baba Lea,

Alute, mwenzako wa kambi, amerudi. Alikuja kunisalimu, akasimama mlangoni hataki kuketi, nikajua ana neno. Nikamwekea uji, nikamwambia hatoki mpaka bakuli liishe. Wewe unamjua Alute, uji ukiwa mbele yake uongo unamshinda.

Amesema suruali yako sasa unaifunga kwa kamba. Amesema unaingia porini mara kumi kwa siku, na si kwa kufyeka. Amesema wamekunyang'anya shoka wakakupa kazi ya kuhesabu mapanga, kwa sababu ulianguka nalo. Hilo ndilo "tumbo kidogo"? Basi nami nina hasira kidogo.

Nimekutumia mtungi. Ni ile dawa ya bibi yangu, aliyeletwa kutoka Unyanyembe na mbegu za papai zikiwa zimefungwa kwenye pindo la nguo yake. Kwetu mtoto hakuwahi kufa kwa tumbo akiwa mikononi mwake. Nimechukua papai zilizoiva mpaka zinaanza madoa, nikazimenya, nikaziponda, nikaweka maji yaliyochemka yakapoa, kijiko cha asali, na kiganja cha kimea cha uwele. Siku tatu kwenye pembe ya jiko. Siku ya kwanza halisemi kitu. Siku ya pili linaanza kunong'ona. Siku ya tatu linapanda povu, ndipo unachuja kwa kitambaa. Papai lenyewe nisingeweza kukutumia, kabla lori halijavuka Issuna lingekuwa chakula cha nzi. Lililochacha hukaa mwezi mzima, na bibi alisema uchachu huo ndio unaoligomboa tumbo.

Kunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya kula na kimoja jioni. Nimeziba kwa gunzi la hindi, nikatoboa tundu dogo la kupumulia. Likiruka usishtuke.

Mke wako,
Dorika


Kambi, Manyoni
9 Julai 1938

Mama Lea mpenzi,

Mtungi umefika salama, ingawa Urbano anasema gunzi lilimpiga kisogoni karibu na Issuna, akasimamisha lori akidhani ni risasi. Gulamhussein akisikia atakudai dereva mpya.

Nimeinywa dawa kama ulivyoagiza, asubuhi na jioni, mpaka imekwisha. Ilikuwa tamu sana. Tumbo limenyamaza. Nala vizuri, nalala vizuri. Alute ana mdomo mrefu, usimsikilize tena hata umpe uji wa maziwa.

Ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu naandikia juu ya gogo.

Wako,
Isaka


Shelui
20 Julai 1938

Baba Lea,

Nimefurahi mpaka nimeimba nikitwanga. Lea ameniuliza kama ni Krismasi.

Nakutumia mtungi wa pili, mkubwa kuliko ule, kwa sababu bibi alisema tumbo lililopona lisipoangaliwa hurudi na ghadhabu. Jirani yetu Dina amepita mara tatu leo akinusa. Jana aliniuliza kwa sauti ya huruma kama nina "wageni wa kunywa". Nikamwambia ndiyo, nzi. Hakucheka.

Lakini kuna jambo linanikera. Unasema ilikuwa tamu sana. Baba Lea, papai la mtungi si tamu. Linakunja uso, linafumba jicho moja. Mimi tangu utotoni nililinywa nimeshikwa pua. Labda homa imekuharibia ulimi. Na lile gogo la barua yako ya kwanza lilikuwa limenyooka kuliko hili la pili.

Niandikie upesi.

Dorika


Kambi, Manyoni
3 Agosti 1938

Kwa Mama Lea, Shelui.

Barua hii ameiandika karani Melkizedeki, lakini maneno ni yangu mimi Mazengo, nyapara. Nimemwambia asiyapake mafuta.

Dada, habari za huko. Mimi hunijui, ila mimi nakujua kwa mkono wako. Mwezi uliopita tumbo lilikuwa limenilaza. Mumeo akaniletea mtungi, akasema, "Kunywa, ni dawa ya nyumbani kwangu, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni." Nikanywa. Siku ya nne niliinuka nikadai nyama. Mtungi wa pili amewapa vijana wawili wa Issuna waliokuwa wanatapika. Nao wako kazini leo, wanaimba vibaya.

Mumeo hajanywa hata tone. Nilidhani anacho cha kwake amekificha, mpaka juzi nilipomkuta amejikunja nyuma ya kibanda, mikono imeshika miti ili asimame. Nikamuuliza, wewe una akili gani, unaponya watu na unakufa? Akasema yeye ni mtu wa kanisa. Nikasema Mungu wako hana tumbo? Akageuza uso.

Dresa wetu, msaidizi wa daktari hapa kambini, anampa dawa nyeupe na anatuhimiza kuchemsha maji. Ni kijana mzuri. Lakini naye ametikisa kichwa.

Sipendi kusema siri ya mwanamume mwenzangu kwa mkewe. Nimesema kwa sababu nimekunywa dawa yake, na sitaki kumchimbia shimo.

Mazengo


Shelui
11 Agosti 1938

Isaka,

Leo sikuiti Baba Lea.

Umenidanganya kwa mwandiko wako mwenyewe, ule ule ninaousomea majirani. Nimechagua papai, nimeponda, nimechuja, nimekesha na hofu, nawe ukawagawia watu kama mtu anayegawa karanga. Siwaonei choyo waliopona. Nawashukuru kwa kupona. Lakini sikuolewa na vijana wa Issuna.

Niambie kwa nini. Usiandike neno kanisa kwanza. Nakujua. Andika neno lililo chini yake.

Dorika


Kambi, Manyoni
20 Agosti 1938

Mama Lea,

Nisamehe. Naandika nimelala, kwa hiyo leo hakuna gogo la kusingizia.

Unakumbuka arusi ya Elina, dada yangu. Sina haja ya kukukumbusha, unao mkono wako wa kushoto. Nilirudi nimelewa, ukanizuia mlangoni, nikakusukuma, ukaangukia chungu cha maji ya ugali. Ngozi ya mkono ule ilivyotoka niliiona kwa macho yangu, na bado naiona. Kesho yake nilikwenda misheni nikatia sahihi kwenye daftari la wasiokunywa. Watu wanadhani niliapa mbele ya baba yangu na wazee. Niliapa kwako, wewe ukiwa umefungwa kitambaa, ulisimama pale ukanitazama. Nilisema kitu kilichochacha hakitapita mdomoni mwangu mpaka nife.

Mtungi wako ulipofika nilikuwa na nia ya kunywa. Naapa. Nikatoa gunzi. Povu likapanda na harufu ikaja. Dorika, mate yalinijaa mdomoni. Si tumbo lililoutaka mtungi ule. Ni mimi. Miaka minne sijaonja, nikadhani yule mtu amekufa. Kumbe alikuwa amekaa tu ananingoja.

Sikutaka kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilitaka wote, pale pale, nimesimama. Na nyuma ya kambi kuna mama anauza pombe ya uwele. Mtungi wako ukiisha, miguu yangu ingeijua njia.

Ndiyo maana nilimpa Mazengo. Nilikimbia nao kama mtu aliyeshika kaa la moto. Ni afadhali nife mkono wako ukiwa na kovu moja tu. Huo ndio ukweli, na hakuna mwingine chini yake.

Mlee Lea vizuri.

Isaka


Misheni
25 Agosti 1938

Kwa mkwe wangu Dorika,

Amani iwe nyumbani mwako. Nakuandikia kama baba mkwe wako, na pia kama mzee wa kanisa, na kwa upande huu wa pili naandika kwa uchungu.

Wazee wamepokea habari kwamba jikoni kwako panachachushwa kitu chenye asali na kimea, na kwamba mitungi inatoka kwako kwa lori. Nimetetea jina lako nikashindwa, kwa sababu aliyeleta habari ameona povu. Mumeo ametia sahihi ya kujiepusha na vileo, naye yuko mbali anafanya kazi. Si vema mke atengeneze kile ambacho mume amekiapia.

Wazee wanakuagiza uimwage yote mbele ya mashahidi wawili kabla ya Jumapili ya kwanza ya Septemba. Usipofanya hivyo utawekwa nje ya ushirika, wala hutaimba na wanakwaya.

Nakusihi, mwanangu, usiniletee aibu hii.

Simeoni


Shelui
28 Agosti 1938

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika siku moja na barua ya mwanao. Nimeiweka ya kwake humu ndani uisome. Kaa chini kwanza. Alinikataza nisikuambie kwamba ni mgonjwa, nami nilitii tangu mwezi wa sita. Leo utii umenishinda.

Sasa umeshasoma. Unaona kwamba sitengenezi pombe ya kuuza wala ya wageni. Ni kweli kuna asali, kuna kimea, kuna povu. Sitasema haichachi, sitadanganya kwa ajili ya kiti cha kwaya. Nimejaribu kuyapika maji ya papai yasichache, Baba. Siku ya pili yaliota ukungu, nikawamwagia kuku, kuku wenyewe wakaondoka.

Kiapo cha Isaka ninakijua kuliko mtu yeyote, ninakivaa mkononi. Aliapa kwangu. Basi katika kiapo kile mimi nina haki ya nusu, na nusu yangu inasema mwanao asife. Yeye anaogopa kwamba akishika kikombe hataweza kukiweka chini. Vema. Hatakishika. Nitakishika mimi.

Kesho napanda lori la Gulamhussein na mitungi miwili. Lea atakaa kwa Elina. Kwa hiyo sitamwaga, wala sitakuwapo Jumapili ya kwanza, na wazee waandike wanavyoona ni haki. Sina ugomvi nao. Wanalinda nyumba, nami naizima inayoungua.

Mwombee mwanao. Ukipenda, niombee na mimi.

Mkweo,
Dorika


Kambi, Manyoni
14 Septemba 1938

Baba, shikamoo.

Yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine ukiwa umepumua.

Nilimkuta amelala kwenye turubai, mifupa ya uso inaonekana yote. Aliponiona alilia, kisha akaniona na mtungi akageuka ukutani. Nikakaa. Nikangoja mpaka yeye akachoka na ukuta.

Nilikuwa nimebeba kikombe cha bati. Njiani, lori lilipolala Singida, nilimwomba Urbano msumari nikakwaruza mstari ndani yake, chini kidogo ya nusu. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Kile ulichokunywa arusini kwa Elina kilikuwa hakina mwisho. Hiki kina mwisho, ni hapa. Na si wewe unayenywa, ni mimi ninayekunywesha." Akasema, "Nikitaka zaidi?" Nikasema, "Utataka. Nami nitakataa. Nimewahi kukukataza mlangoni nikashindwa. Leo huna nguvu za kunisukuma."

Baba, alicheka. Kicheko kibaya, cha mtu asiye na pumzi, lakini alicheka.

Nikamimina mpaka mstarini, nikamshika kisogo nikamnywesha mpaka kikombe kikaisha. Mikono yake ilishika shuka wakati wote. Alipomaliza alisema kwa sauti ndogo, "Tena." Nikafunga gunzi. Akasema, "Tafadhali, Dorika." Nikautoa mtungi nje nikampa Mazengo, naye akaukalia, akakaa juu yake mpaka jioni kama kuku anayelalia. Kwa siku sita Isaka aliniomba hivyo, mara nyingine kwa upole, mara nyingine kwa maneno ambayo sitakuandikia. Siku ya saba alikunywa kipimo chake akanirudishia kikombe yeye mwenyewe, bila kuomba. Hapo nilitoka nje nikalia, maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Tumbo lilianza kutulia siku ya tano. Dresa anachemsha maji ya kambi yote siku hizi, amepata nguvu baada ya Mazengo kumsaidia kwa sauti. Ameniambia, "Mama, sijui kilichomo mtungini mwako, lakini mpe na chumvi kidogo, usiache." Nampa. Jana Isaka alikula ugali wa ngumi nzima.

Mtungi mmoja umebaki na papai hapa hakuna. Nafikiri juu ya hilo.

Dorika


Misheni
27 Septemba 1938

Kwa Dorika,

Nimesoma barua zako zote mbili. Ile ya Isaka nimeisoma peke yangu. Habari za mkono wako nilikuwa nimeambiwa kwamba ulijikwaa. Miaka minne nimekuwa nikikuombea uwe mwangalifu jikoni. Nisamehe maombi hayo.

Sasa sikiliza uamuzi. Wazee walikaa. Niliwasomea barua yako, isipokuwa yale ya ndani. Wengine walilia. Kisha tukarudi kwenye kanuni, na kanuni haina sehemu ya papai. Umewekwa nje ya ushirika miezi mitatu kwa kuchachusha na kukataa agizo. Mikono iliinuliwa. Wangu uliinuliwa pia, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Nisingeweza kuuinua kwa ajili ya wake za watu wengine nikaushusha kwa ajili ya mke wa mwanangu.

Kikao kilipokwisha nilikwenda shambani kwa misheni. Nimechagua mwenyewe papai kumi na nne, zilizo bado ngumu, ili ziivie njiani na kuanza madoa huko, kama Elina alivyoniambia unavyozitaka. Sikumtuma mtu. Nimezifunga kwa majani makavu na kumpa Urbano, pamoja na asali ya mzinga wangu na kimea ambacho mama mkwe wako amekiotesha chini ya kitanda chetu. Amesema nikuulize kama kiganja ni cha mwanamke au cha mwanamume.

Walipouliza papai hizo zinakwenda wapi, nilisema kwa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Baba yako,
Simeoni


Kambi, Manyoni
30 Oktoba 1938

Mama Lea wangu,

Tangu uondoke ni wiki tatu. Kambi imepoa. Mazengo anasema chakula kimekuwa kibaya, lakini ni unga ule ule na maharage yale yale, ni wewe tu hukai tena karibu na chungu ukiwatania.

Nina nguvu. Wamenirudishia shoka. Vijana wa Issuna wamepewa mtungi mmoja kwa ajili ya wagonjwa wapya, nao wanapima kwa kijiko na kumkaripia kila anayelamba. Kiganja ni cha mwanamke, mwambie mama. Tulijaribu cha Mazengo, mtungi ukapasuka.

Baba ameniandikia. Barua ya mistari mitano. Ameomba radhi kwa jambo ambalo nilipaswa kumwambia mimi miaka minne iliyopita, na hilo limenichoma kuliko angenikemea. Nimemjibu ukurasa mzima. Ameniambia pia kwamba Jumapili unakaa kwenye lile gogo nje ya mlango wa kanisa, na kwamba unaimba sauti ya pili kutoka huko huko, na kwaya ndani imeacha kujifanya haikusikii. Mkataba unaisha tarehe ishirini. Jumapili ya kwanza nitakayofika nitakaa gogoni pamoja nawe mpaka miezi yako iishe, hata kama jina langu halimo katika kanuni yao. Nimekunywa kuliko wewe.

Uliniachia mtungi wa mwisho na kikombe. Mwanzoni nilimpa Mazengo aukalie. Baada ya wiki nilimwambia inatosha, akauleta kibandani, nimeuweka kichwani pa kitanda changu. Harufu bado naisikia. Mate bado yanakuja, sitakudanganya tena. Yanakuja, nami nanywa asubuhi na jioni kama ulivyosema, naziba gunzi, nakwenda kazini.

Kuna jambo moja. Kila siku nakiosha kikombe kwa mchanga, na wewe unajua mchanga wa huku ulivyo mkali. Jana nilikiinua kwenye mwanga nikaona ule mstari wako wa msumari umefutika wote. Mazengo alinipa msumari mwingine nichore upya. Nilikaa nao mkononi kwa muda. Kisha nikamrudishia, nikamimina, nikakomea pale pale mstari ulipokuwa.

Mume wako,
Isaka